Mti wa Marehemu wa Ayi

Mwaka ule nilikuwa na uchovu usioondoka kwa kulala. Kazi yangu ilikuwa, na mpaka leo ndiyo hiyo, kuwatafsiria wafanyabiashara wa kwetu wanaokuja Guangzhou kununua mizigo. Asubuhi nawachukua hotelini, mtaa wa Xiaobei, tunakwenda Shiling kwenye masoko ya mikoba, nashinda nikibishana bei kwa niaba ya watu wengine, jioni narudi sauti imekauka. Wachache walijua kwamba sikuja China kwa ajili ya mikoba. Nilikuja kusomea magonjwa ya miti. Nilimaliza vizuri, nikarudi Iringa, nikazunguka na vyeti vyangu mwaka mzima bila kupata kazi, kisha nikarejea huku kwa viza nyingine.

Nilipanga chumba ghorofa ya tatu kwa mjane aliyeishi chini. Nilimwita Ayi, yaani shangazi, kama watu wote wa huku wanavyowaita wanawake wa umri wake. Hatukuwa na mazoea. Salamu zangu alizijibu kwa kidevu. Mumewe alikuwa amefariki majira ya baridi, akamwachia nyumba ile na mti mmoja ndani ya chungu kipana, uani, chini kabisa ya dirisha langu. Wachina wanauita yushu. Vitabu nilivyosomea viliuita elm. Kwetu sijawahi kuuona. Mzee yule alikuwa ameukata na kuufunga waya kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka ukapata umbo la mti mkubwa wa mlimani, ilhali kimo chake kilinifika kiunoni.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, siku yangu pekee ya kupumzika, Ayi aligonga mlango.

"Shuka uone ulichofanya," akasema.

Chini ya mti majani yalikuwa yametapakaa, ya manjano. Yaliyobaki matawini yalikuwa yamelegea.

"Unafua dirishani," akasema. "Maji ya sabuni yanadondokea hapa. Umeuua."

Nilitaka kukasirika, lakini nguvu ya kukasirika sikuwa nayo. Nikachuchumaa. Nilikuwa sijachuchumaa mbele ya mti mgonjwa kwa miaka mingi, na bado macho yalijua pa kuanzia. Shinani, juu kidogo ya udongo, gome lilikuwa limetoka vipele vyeupe, laini. Kwenye matawi membamba walijipanga wadudu magamba, wamegandamana kama ukoko. Tawi moja nene la kushoto lilikuwa na tundu, na unga wa mbao ukimwagika chini yake. Nikachomeka kidole kwenye udongo. Kikazama kama kwenye uji, na kilipotoka kilinuka bwawa.

"Ayi, unaumwagilia mara ngapi?"

"Kila siku."

"Mara ngapi kwa siku?"

Akatazama pembeni. "Asubuhi, mchana, jioni. Joto hili hulioni?"

Joto nililiona. Niliona pia kwamba mvua ilikuwa ikinyesha karibu kila siku.

Mizizi inapumua. Maji yakijaa pote palipokuwa na hewa, mizizi inakabwa, na mzizi uliokabwa hauwezi kunywa hata maji yaliyouzunguka. Mti unakaa na kiu katikati ya maji. Habari inapanda juu, na majani yanafunga vitundu vyake visivyoonekana kwa macho, ili kidogo kilichopo kisipotee. Lakini vitundu vikifungwa, jani halipiki chakula. Hapo mti unaanza kupunguza walaji: penye kikonyo unajenga ukuta mwembamba na kulidondosha jani. Vipele vile vyeupe navyo ni gome likijifungua kutafuta hewa. Chakula kikizidi kupungua, mti unakosa hata cha kutengenezea uchungu na utomvu wa kufukuzia wadudu. Wale waliokuwa wakipita mbali wanasikia harufu ya udhaifu, wanakuja kutoboa.

Yote hayo niliyaona, na nikajua kwamba nikisema sabuni, mjane atanichukia mimi, na nikisema kweli, atajichukia mwenyewe. Nilikuwa nimechoka mno kutunga kitu cha katikati.

"Si sabuni, Ayi. Ni maji. Yamezidi."

Aliingia ndani akafunga mlango.

Siku tatu hatukusemeshana. Ya nne nilirudi mapema kutoka Shiling, nikamkuta uani amekaa kwenye kigoda, kopo la kumwagilia mapajani. Lilikuwa tupu.

"Nisipomwagilia, asubuhi niamkie nini?" akauliza, bila kunitazama.

Nikakaa sakafuni.

"Miaka yote hakuniruhusu kuugusa," akasema. "Alisema mikono yangu itauua. Alipokwenda sokoni alimwambia jirani aje kuumwagilia, na mimi nipo. Alipokufa, nilichukua kopo hili hata siku arobaini na tisa za msiba hazijaisha. Nilifurahi. Umesikia? Nilifurahi." Akalipindua kopo juu chini. "Na kumbe alisema kweli."

"Mizizi mingine huenda bado mizima," nikamwambia. "Tuutoe tuone."

Tuliutoa pamoja, kwa kisu cha jikoni na nguvu za watu wawili. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, ganda linachomoka mkononi kama la muhogo uliooza. Mizima ilikuwa michache, ya rangi ya maziwa. Nikakata mibovu, kisha nikageukia matawi, maana mizizi michache haiwezi kunywesha matawi mengi. Nilipoliinulia mkasi lile tawi la kushoto, Ayi alinishika mkono.

"Hilo alilifunga waya mwaka aliozaliwa mwanetu."

"Niliache?"

"Ukiliacha?"

"Litakufa, na wadudu waliomo watahamia kwenye shina."

Aliachia mkono wangu. "Kata."

Ndani ya tawi mbao ilikuwa na mstari wa kahawia, mweusi kidogo pembeni. Akauliza ndiyo nini. Nikamweleza kwamba mbao haiponi kama ngozi ya mtu. Uozo ukiingia, mti wenyewe unaziba mishipa yake ya maji, mibovu na mizima ya jirani, ili ugonjwa usivuke. Pale palipozibwa maji hayapiti tena maisha yote. Mti unapasusa, unaota mbao mpya nje yake.

"Unajikaba wenyewe," akasema.

"Upande mmoja, ndiyo."

Tuliupanda kwenye mchanga mkavu wenye changarawe, tukausogeza kivulini. Nilimwonyesha kuchomeka kijiti cha kulia chakula kwenye udongo: kikitoka na unyevu, asimwagilie. Wiki tano kijiti kilifanya kazi na mti ulikaa kama kuni. Nilikwenda Shiling, nikarudi, nikaugua mafua, nikakorofishana na mteja wa Dar juu ya zipu za mikoba. Kila nikipita uani nilikwepa kutazama.

Machipukizi yalitoka kulia, kwenye matawi mawili. Kushoto hapakutoka kitu, na mpaka leo ni gome kavu. Umbo la mlimani limekwisha. Mzee angeuona angelia.

Ayi aliuzunguka, akautazama pande zote.

"Umekuwa mbaya," akasema. Kisha: "Hayo ulisomea?"

"Nilisomea."

"Na unauza mikoba?"

"Siuzi. Natafsiri."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Alinipa maji ya moto, akakaa kwenye kigoda chake.

Jumapili zilizofuata sikulala sana. Alikuwa amewaambia wazee wenzake wa mtaani, nao wakaanza kuja mmoja mmoja na vyungu vyao vimezungushiwa magazeti. Wa kwanza alikuwa na yushu yenye majani yaliyovimba vijifuko. Nilimweleza kwamba vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, hulichokoza jani nalo likawajengea nyumba, na kwamba mti wake una nguvu, autunze tu. Hakuniamini. Ayi akamwambia aniamini, na kwa namna alivyosema, mzee yule alifunga gazeti lake akaondoka na mti wake bila ubishi.