Nyasi Ziliambiwa Pole

Juzi nilikuwa nakamulia samaki limau, na harufu ile ikanipanda kichwani pamoja na hasira ya miaka kumi na mitano. Msinicheke. Kuna hasira zisizozeeka.

Tulikuwa tumehamia Noonkopir, Kitengela. Baba, karani aliyezaliwa Bungoma kwenye mvua za kila jioni, aliapa kwamba hata kwenye ukame huu atakuwa na nyasi za kijani mbele ya nyumba. Akafukia mabomba, akaweka vichwa sita vya kunyunyizia maji. Kila asubuhi alizizunguka nyasi zake, mikono nyuma, na palipokauka aliinama akasema, "Pole sana." Nawaapia, aliziambia nyasi pole.

Likizo ya Agosti maji yakagoma. Baba alichungulia tangi: limejaa. Akasikiliza pampu: inanguruma. Akafungua koki zote, lakini vichwa vikatoa machozi tu. Kisha akanikuta mimi, Nekesa wa miaka tisa, nimechuchumaa kando ya kimoja, matope hadi viwikoni, nikipika chapati za udongo kwa yale matone. Kesi ikaishia hapo.

"Kumbe ni wewe unaziba hizi vitu na matope!"

"Baba, si mimi. Kuna unga mweupe ndani."

"Unga? Na ugali umepika?"

Nikahukumiwa kumwagilia uwanja mzima kwa ndoo, asubuhi na jioni, hadi shule zifunguliwe. Kaka zangu wakanibatiza Fundi Matope, na jina likaruka ua hadi kwa watoto wa ploti ya pili. Wanasema mkubwa ni jalala. Kwetu jalala nilikuwa mimi. Mikono iliota malengelenge, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilisema kweli na hakuna mtu mzima aliyeinama kutazama. Naye Baba kuinama alikuwa anajua!

Wiki ya tatu, jirani yetu Mmaasai, tuliyemwita Yeyo, yaani mama, alikuja kuwafuata mbuzi wake waliopenya uani. Mbuzi hawakuwa wakila nyasi. Walikuwa wakilamba vile vichwa. Yeyo akakwangua kimoja kwa ukucha, akaonja, akatema.

"Baba Nekesa, hii ni emakat. Magadi. Maji ya kisima yenu iko na chumvi mingi, ndio imeziba hapa. Kwani mbuzi yangu inajua kukushinda?"

Baba alikohoa. Jioni hiyo aliviloweka vichwa vyote kwenye beseni la maji ya limau, akavisugua kwa mswaki mkuukuu, na asubuhi maji yakaruka hadi dirishani. Majirani wakamsifu. Yeyo akashukuriwa. Hata mbuzi walitupiwa maganda ya viazi. Mimi sikuambiwa kitu.

Jumapili alichinjwa kuku. Baba akaichukua firigisi, akaiweka kwenye sahani yangu bila kuniangalia. Mama akaacha kutafuna. Nikaila haraka kabla Baba hajabadili nia.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mtoto wa kike haigusi. Nyanya yangu angeona angezimia. Baba alikuwa ameninyooshea alichokuwa nacho kikubwa pale mezani. Ndiyo, Baba, nimeelewa, na ilikuwa tamu.

Lakini huku kwetu hata mtu akijikwaa njiani, asiyemjua humwambia pole. Ni neno la silabi mbili, na ulilijua. Nyasi ulizipa kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa nimebeba ndoo.