Samaki Wamepoa

Inatangazwa kwa taadhima kuu kwamba mji huu una daktari bingwa anayetibu bila sindano, bila koti jeupe, na ambaye hajawahi kulalamikiwa na mgonjwa hata mmoja.

Hawalalamiki kwa sababu hawana sauti. Ni samaki. Na bingwa mwenyewe, saa nne hii ya asubuhi, amepiga magoti katika chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, mkono umezama hadi kwapani ndani ya tangi la kioo, anasugua ukungu wa kijani kwa sponji. Mteja mmoja wa jino, shavu limemvimba kama andazi, anamtazama kama mtu anayeota.

Huitwa Daktari Ndoo, kwa kuwa hajaonekana popote bila ndoo. Alianza kwa kudeki ofisi.

"Bosi akaniambia, dada, safisha na hilo tangi," anasimulia bila kugeuka. "Nikasafisha. Kwa sabuni."

Anakamua sponji.

"Walikufa wote. Nikaona haya, nikaanza kuuliza wanaojua. Mpaka leo nauliza."

Kuhusu kipato, jibu lake ni fupi: "Samaki hawalipi. Wenye samaki hulipa wakikumbuka."

Ndipo simu inapotetemeka mfukoni. Anaitoa kwa mkono mkavu, anasoma, anasoma tena. Sponji inaelea peke yake juu ya maji.

SAMAKI WAMEPOA. ASANTE SANA MWANANGU.

"Mtu akipoa ametulia," anamwambia mwandishi taratibu. "Chai ikipoa unaipasha. Samaki akipoa, mdogo wangu, ni maiti. Twende."

Ujumbe umetoka kwa karani wa taipu mstaafu anayeishi ghorofa ya tatu, nyuma ya duka la vitambaa. Mkewe alivunjika nyonga, na tangu atoke hospitali amelala sebuleni, tangi likiwa kando ya kitanda. Wauguzi walimbembeleza afanye mazoezi ya kukaa, akawageuzia mgongo. Kitu kimoja tu humwinua: kumlisha samaki bapa mwenye mistari myeusi, ambaye hupita kila kona ya tangi kama mkaguzi wa shule. Jina lake ni Mkaguzi.

Mumewe, kwa mapenzi, alimnunulia Mkaguzi mwenzake sokoni, akammimina humo humo siku hiyo hiyo. Mgeni alikuja na wageni wake. Muda si mrefu samaki wote walijaa vidoa vyeupe, kama walionyunyiziwa chumvi, wakawa wanajisugua kwenye mawe. Daktari Ndoo akaitwa. Akaweka dawa, akapandisha joto la maji, akaacha maagizo.

Sasa anapanda ngazi mbili mbili, ndoo inagonga ukuta, na mlango unafunguliwa na mzee anayetabasamu masikio kwa masikio.

"Karibu mwanangu! Ujumbe umefika?"

"Umefika, baba. Poleni sana."

"Pole ya nini? Wamepona!"

"Umeandika wamepoa."

"Nimeandika wamepona."

"Mpe simu ajisomee," inasema sauti kutoka kitandani. "Ujana wake wote amepiga taipu barua za wakubwa, uzeeni N imemshinda."

"Haikunishinda, mama watoto. Kitufe kidogo, kidole kikubwa."

Daktari Ndoo anacheka mpaka anaegemea ukuta. Sebule ina pazia zito, na mwanga wa tangi unacheza darini, mawimbi membamba yanayokuja na kuondoka bila haraka. Ukikaa humo kidogo unasahau kama uko juu ya maji au chini yake. Bado anacheka anapochovya vidole. Kicheko kinakatika.

"Baba. Hita umeifanyaje?"

"Nimeizima tangu juzi. Vidoa si vimeisha? Nikawaonea huruma. Maji ya moto vile, si wangeiva?"

"Na dawa?"

"Mtu akipona haendelei kumeza vidonge."

"Ndiyo maana wanarudishwa hospitali kwa machela," anasema mama.

Kumbe kidole cha mzee kilisema kweli kuliko mwenyewe. Samaki hawakuwa wamepona. Walikuwa wamepoa.

Daktari Ndoo anavuta kigoda, anaeleza kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto alale. Mdudu akiwa ndani ya ngozi ya samaki, dawa haimpati. Akishiba hujidondosha, hujifungia kwenye changarawe, huzaliana humo. Watoto wakitoka kutafuta samaki, hapo ndipo dawa huwakuta, wakiwa njiani. Joto kazi yake ni kuwaharakisha watoke.

"Kwa hiyo vidoa vikiisha..." anaanza mzee.

"Ndiyo kwanza kazi inaanza. Wewe umeondoa mlinzi, ukaacha mlango wazi."

"Nimewakaribisha."

"Na mkeka umewatandikia."

Mzee anakaa. Mkaguzi yuko kona ya chini, mapezi ameyakunja, hakagui chochote.

"Atapona?" anauliza mama.

"Mama, kuanzia leo neno hilo silitaki humu ndani. Sikudanganyi. Nitafanya kazi, tutatazama."

Na kazi inafanyika. Ananyonya uchafu wa changarawe kwa mpira, ndoo baada ya ndoo. Anajaza maji yaliyolala kwenye pipa mpaka klorini ya bomba ikayatoka. Anatoa mkaa kwenye chujio, maana mkaa hunywa dawa yote kabla ya mdudu kuionja. Anawasha hita na kupandisha joto kidogo kidogo, kwani ukilipandisha ghafla utamuua samaki wewe mwenyewe. Mwisho anaongeza pampu ya hewa, kwa kuwa maji ya moto hayana pumzi ya kutosha. Mapovu yanapanda. Chumba chote kinaanza kupumua pamoja nayo.

Vidoa vikarudi, vingi kuliko mwanzo. Samaki wawili wadogo wakafa, mzee akawazika kwenye chungu cha maua. Mama akaacha kuinuka. Alilala ubavu, uso kwenye kioo, mwanga wa maji ukimpitia shavuni, na chakula alichopelekewa kikarudi jikoni kama kilivyokwenda.

"Asipokuwepo yule," mzee alimnong'oneza Daktari Ndoo mlangoni, "huyu hatainuka tena. Na ni mimi."

"Ni mdudu, baba. Wewe kapime joto."

Akapima. Alivuta kiti mbele ya hita, akailinda kama mtihani wa taifa. Vidoa vikaisha tena, na safari hii hakuna aliyethubutu kufungua kinywa. Dawa ikaendelea.

Kisha asubuhi moja, Daktari Ndoo akiwa ameinamia mpira wake, Mkaguzi anakunjua pezi moja. Halafu la pili. Anapanda polepole, kama anayekumbuka njia, anapita kona ya kwanza, anapita ya pili, anasimama mbele ya uso wa mama.

"Umekuja kukagua?" anauliza mama. "Na mimi sijatandika."

Anaweka kiwiko. Anasukuma. Mzee anataka kumshika, Daktari Ndoo anamzuia kwa mkono uliolowa. Mama anakaa, wima, peke yake, anadondosha punje ya chakula, na Mkaguzi anaichukua bila kurusha hata tone.

Ndoto ya Daktari Ndoo ni chumba kidogo chenye matangi ya karantini, ili samaki mgeni akae peke yake wiki kadhaa kabla ya kupelekwa kwenye nyumba ya watu. "Kiwe chini," anasisitiza. "Ngazi zimenichosha."

Kabla ya kuchapishwa, habari hii ilisomwa mbele ya wahusika. Ilipofika mahali palipoandikwa kwamba mzee alibubujikwa na machozi, mzee alinyanyua kidole.

"Mimi? Mimi nilikuwa natazama kipimajoto."

"Mimi nilikuwa na kazi," akasema mama.

Daktari Ndoo alichukua kitambaa cha kufutia kioo, akamkabidhi mwandishi.

Basi sentensi hiyo imefutwa. Ni mimi niliyelia, na wala si maji ya tangi yaliyonirukia.