Mikuki Mirefu ya Yule Mfalme

Jina la yule mfalme sitaliandika. Mnamjua. Ni yule kijana wa Makedonia wa kabla ya Kristo, aliyewapiga Waajemi, akaingia Misri, akasonga mashariki mpaka India, akafa hata mvi hajaota. Watu wanamwita Mkuu. Mimi niliishia darasa la tatu, sikumkuta kitabuni. Kuna mtu alimleta kijijini kwetu, Kongo mashariki, na yule mfalme, mfu wa miaka zaidi ya elfu mbili, akatuua.

Waliohusika nawataja. Wa kwanza ni Komanda, ambaye kabla ya vita alikuwa anauza samaki wakavu. Wa pili ni shefu wa lokalite yetu, mkuu wa vijiji vya kwetu, aliyemfungulia shule ya msingi iwe kambi. Wa tatu ni mwalimu wa historia wa sekondari ya mjini, aliyemfuata Komanda kama mshauri. Huyu sijapata kumwona ameshika silaha hata siku moja, na ndiye ninayemchukia zaidi.

Walitukusanya wanawake tuwapikie. Siku moja, maharage bado nayachagua, mwalimu akaja akachota kwenye ungo wangu bila kuomba. Alikuwa mwembamba, ndevu zimemjaa uso mzima, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Akayapanga kwenye benchi la darasa. Mekundu, mengi, hao Waajemi. Meupe, machache, hao watu wa mfalme. Kisha akachomoa njiti za ufagio wangu, akaziweka mbele ya yale meupe. Akasema askari wa yule mfalme walishika mikuki mirefu kuliko nyumba, wakatembea wamebanana, adui akafa kabla hajawagusa. Komanda akacheka kwa furaha kama mtoto aliyeonyeshwa mchezo. Risasi hawakuwa nazo nyingi. Kesho yake vijana walipelekwa msituni kukata mianzi.

Mwalimu alisimulia na habari ya moto. Kwamba mfalme aliuteka mji mkubwa wa Waajemi, akanywa pombe na wenzake, halafu wakashika mienge wakalichoma jumba lote la kifalme. Alisimulia kama mtu anayesifia harusi.

Siku ya soko walikuja na ile mianzi imechongwa ncha, safu moja huku, safu nyingine kule, wakatembea polepole. Watu walicheka mwanzoni, ndivyo walivyonisimulia waliopona, kwa sababu ilionekana kama ngoma. Mume wangu alikuwa ndani ya soko anauza chumvi. Waliokimbia walirudishwa katikati kwa ncha za mianzi, na Komanda, amelewa, akaagiza vibanda vichomwe. Mwalimu alisimama barabarani, mikono nyuma. Mimi nilikuwa kisimani na wapishi wenzangu wa kambini, binti yangu mgongoni. Moshi ulipopanda tukaacha ndoo palepale.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikafika Toronto, Kanada, na binti yangu. Tulianzia Dixon, kwenye yale maghorofa ambayo ndege hupita juu yake hata hausikii simu, kisha tukahamia Scarborough. Kazi yangu ni kufua mashuka ya nyumba ya wazee. Basi mbili kwenda, basi mbili kurudi.

Hapa sisi watu wa vita tuna adabu yetu. Mtu akija kanisani utamuuliza amefikia kwa nani, kama ana koti la baridi, kama ameshapata kazi. Hutamuuliza alikuwa wapi wakati ule. Ukiuliza utaonekana umemvua nguo mbele za watu. Adabu hiyo niliishika hata mimi, na ndani yake watu wa aina fulani wamejificha vizuri kabisa.

Alikuja miaka mingi baadaye, binti yangu ameshaolewa, naye ameshaishi mji mwingine wa Kanada. Papa Pasta, mchungaji wetu, akamtambulisha: msomi, mtu wa historia. Mnene, ndevu amenyoa, miwani ya dhahabu. Tukamwita Prof, akapewa kiti cha mbele. Hakuna aliyemuuliza neno. Mimi nilimpikia sombe, majani ya muhogo, akasifu, akaongeza.

Mkwe wangu alikulia kambi ya wakimbizi bila baba, na kwa Prof akampata. Alimbebea mkoba, alimpeleka kwa gari kila mahali. Binti yangu alipokaribia kujifungua, wakakubaliana kwamba Prof ndiye atakayempa mtoto jina. Kanisani kwetu mzee anayechaguliwa humshika mtoto mbele ya wote, hutamka jina, kanisa likajibu amina, basi. Huyo mzee ni baba wa jina mpaka kufa.

Jumapili moja ya theluji, baada ya ibada, nilikuwa napitisha chai. Prof alikuwa anawafundisha vijana kitabu cha Danieli, habari ya beberu mwenye pembe moja aliyetoka magharibi. Akawaambia beberu huyo ni mfalme wa Makedonia. Kisha akanyoosha mkono mezani, akakusanya vizibo vya soda, akavipanga vingi huku, vichache huku. Akachukua vile vijiti vya kukorogea chai akaviweka mbele ya vile vichache.

Nikaiweka birika chini.

Mkwe wangu alikuwa ameegemea meza, macho yanang'aa. Akasema jina la mtoto wameshalipata, na ni hilo la mfalme.

Nilimsubiri Prof kwenye kochi la mlangoni, pale tunapovulia viatu vya theluji. Alipoinama kuvaa nikamwambia, "Mwalimu, kwetu ulitumia maharage."

Hakuinua uso. "Maman, unanifananisha."

"Maharage yalikuwa yangu. Mekundu ulisema ni Waajemi."

Akafunga kamba za kiatu taratibu, hata iliyokwisha kufungwa akaifungua akaifunga tena. "Mimi nilifundisha historia tu. Sikumtuma mtu kukata mianzi."

Mianzi mimi sikuwa nimeitaja.

Nilikwenda kwa Papa Pasta. Akaniambia nimwachie Mungu, kwamba mambo ya kule tusiyalete huku, kanisa ni changa, litapasuka. Huyo namtaja kuwa wa nne. Mkwe wangu alisema namwonea Prof wivu kwa kuwa amesoma na mimi sikusoma. Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo. Akajibu kwa Kiingereza, akaona sijaridhika, akarudia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: baba alikufa kwa vita, maman, vita ni vita, Prof hakuua mtu. Moto ule haukumbuki. Alikuwa mgongoni, amelala.

Siku ya jina kanisa lilijaa. Mtoto alikuwa wa kiume, amefungwa shali nyeupe. Prof alimshika vizuri, lazima niseme, kama mtu aliyezoea watoto. Akaanza kueleza ushindi wa mfalme yule, mito aliyovuka, miji aliyojenga na kuipa jina lake mwenyewe, wafalme waliomwiga baada yake. Alisema urithi wake bado unaishi. Hapo alisema kweli. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kwa heshima, na mjukuu wangu amelala kwenye mikono ile iliyopanga maharage.

Nikainuka. Walidhani naenda kutoa sadaka, wakanipisha. Nikafika mbele, nikamtoa mtoto mikononi mwake, naye akamwachia bila kuvutana. Nikageuka nikashika njia ya mlangoni. Nyuma yangu nikamsikia, sauti haijatikisika, akilitamka lile jina juu ya mikono mitupu.

Kanisa likajibu amina. Lote.

Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilimfunika mtoto kwa koti langu, nikasimama chini ya bati la gereji ya matairi iliyo ubavuni mwa kanisa. Binti yangu alikuja mbio na viatu vya ibada kwenye theluji, hana hata skafu. Mkwe wangu alikuwa mlangoni anamwita mtoto kwa lile jina, kana kwamba kichanga kingeitika.

Binti yangu akanyoosha mikono. Nikamuuliza, "Unataka nikupe nani?"

Meno yalikuwa yanamgongana. Mumewe akaita tena kule nyuma. Hakugeuka.

"Mwanangu," akasema. "Nipe mwanangu, maman."

Nikampa.