Sita juu ya Ishirini

Miaka yote niliyofundisha maigizo hapa Kalemie, nilijisifu kwamba hata jiwe ningeliweza kulifundisha kulia. Mikono kichwani, magoti chini, sauti itoke tumboni. "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia," niliwaambia wanafunzi. Mwigizaji asipoanza, watazamaji wataingilia wapi? Nilikuwa mkali, na ukali wenyewe nikauita sanaa.

Kwenye mtihani wa mwisho nilimpa msichana mmoja nafasi ya mama aliyefiwa na mtoto. Familia yake ilikimbia vita, ikaishi kambini upande wa Katanika, naye kila asubuhi alifika shuleni kwa miguu. Akishinda, angepata diploma. Akishindwa, kwao hapakuwa na uwezo wa kumsomesha mwaka mwingine, na mimi nililijua hilo.

Alipanda jukwaani, akakaa chini, akatoa kigauni cha mtoto, akakikunja. Akakikunjua. Akakikunja tena. Basi. Hata kwikwi hakutoa.

"Kilio kiko wapi?" nikamfokea mbele ya darasa zima.

"Papa mwalimu, wakati mudogo wangu alikufaka, mama hakuliaka. Njo vile alifanyaka."

"Hapa ni jukwaani, si kwenu."

Nikaandika alama yake: sita juu ya ishirini. Hakurudi tena shuleni. Nilisikia anauza ndagaa sokoni, nikasema moyoni, ndiyo maisha. Naona haya kuliandika neno hilo, lakini ndivyo nilivyosema.

Kisha malaria ikamchukua binti yangu, kitindamimba, kwa siku tatu tu. Nyumba ikajaa watu, wote wakinisubiri nianze. Mimi, bingwa wa kulia, nilikaa mkekani na shati lake jeupe la shule mapajani, nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja. Sauti haikutoka. Nikamsikia mama mmoja wa jirani akinong'ona, "Huyu baba hana uchungu?" Uchungu ulikuwa umenijaa, nisijue pa kuutolea.

Yule msichana aliingia akitoka sokoni, bado ananuka samaki, akakaa kando yangu. Nilipomtambua nilitamani ardhi inimeze.

"Mwanangu," nikamwambia, "zile pointi nilikosea. Nitakwenda shuleni, nitazibadilisha." Nilisema hivyo huku nikijua kwamba daftari la mwaka ule lilikwisha kufungwa zamani.

"Sikukuja juu ya pointi, Papa mwalimu."

Akalitazama shati. Kola ilikuwa imejipinda, akainyoosha kwa kidole.

"Kunja tu," akasema. "Mimi niko hapa."

Nikakunja. Naye akaichukua sketi ya bluu ya shule iliyokuwa pale mkekani, akaiweka mapajani mwake, akaanza kukunja.