Mama Pasi na Miparachichi Yake Miwili

Huyu ni Mama Pasi, binti wa mchimba visima, mjane wa fundi viatu, dobi aliyefua mashuka ya hospitali kwa mikono miaka thelathini, na aliyemtoa karani mbio ofisini kwa kosa la kumwita yeye “we bibi”. Ni wifi yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Mwaka alioolewa alipanda miparachichi miwili uani. Kati yake akaanika nguo za watu mpaka watoto wanne wakamaliza shule. Mwaka huu miti ikaanza kunyauka, majani ya manjano, matunda yanadondoka yakiwa madogo kama ndimu. Chini yake, waridi na asumini za mkwe wake, mke wa mwanawe, zimeshamiri mpaka zimeziba njia ya bafuni.

“Maua yako yananenepa, miti yangu inakonda,” akamwambia mkwe. “Jumamosi nang’oa yote. Ukinuna, yabebe uende nayo kwenu.”

Mwanawe alikuwa anakunywa chai. Mwanamume mzima, kimya kama maji mtungini. Yule alinikera kuliko mama yake.

Jumamosi Mama Pasi akatoka na jembe. Waridi la kwanza lilikwenda na mizizi. Mkwe akaweka beseni chini.

“Mama, kabla hujamaliza, shika hapa.”

Usawa wa kifua, ganda la mti lilikuwa limevimba kama mdomo uliopigwa. Ndani yake, waya wa kuanikia nguo ulikuwa umezama kidole kizima, umeukaba mti. Mti wa pili vilevile. Maua hayakuiba kitu. Majani yalipopukutika juu, jua likayafikia maua, basi.

“Nani kafunga hivi?” Mama Pasi akauliza, na sote tukamtazama yeye.

“Umeona lini?”

“Tangu mwezi wa tatu, mama.”

“Ukanyamaza?”

“Nilisema mara mbili. Ukasema mtoto wa juzi hakufundishi miti.”

“Wifi,” nikasema, “nyani haoni kundule.”

“Na wewe funga bakuli lako.”

Hasira haikumwisha, ilikosa tu pa kukaa. Akaingia ndani kwa kishindo, akarudi na koleo la marehemu mumewe, akamtia mkwe mkononi. Samahani hakusema, na mimi sikuitegemea.

“Kata waya polepole, usichubue ganda. Kisha mwambie huyo mumeo achimbie nguzo mbili za kuanikia. Kuanzia leo miti hii ni kazi yako. Ukifa mmoja, utapanda mwingine, na nitakuja kuukagua.”