Fundi wa Kawangware aliyewafungulia njia askari wa Meroe

Saa moja asubuhi, Kawangware 56, Nairobi. Vibanda ndiyo kwanza vinafunguliwa, na Isaac Nalianya tayari ameinama mbele ya kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, ovaroli yake imetobolewa na cheche za kuchomelea vyuma. Anajenga mji.

"Leo nyumba ngapi, fundi?" anauliza Mutheu, mwenye saiba hii ya intaneti, akifagia chini ya miguu yake.

"Sita. Na tanuru moja."

"Na mlango wangu wa choo? Huo utaujenga karne gani?"

Isaac anacheka bila kuinua macho. Saa tatu wateja wataanza kuingia na kiti si chake tena.

Mji wenyewe ni Meroe, makao ya wafalme wa Kushi katika Sudan ya leo, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Isaac, 31, anauunda kwa ajili ya mod, yaani nyongeza ambayo wachezaji wenyewe huutengenezea mchezo wa kompyuta, huu ukiwa wa vita vya kale. Katika mchezo huo Roma ina sura yake, Athene ina sura yake. Miji ya kusini mwa Misri yote ilipewa kijiji kimoja cha nyasi, kikanakiliwa.

"Nilikasirika, bana," anasema. "Meroe walikuwa wanayeyusha chuma! Mavi ya chuma yao ni vilima mpaka leo. Mimi ni mtu wa chuma. Nikasema, huu ni wangu."

Kazi hiyo haina mshahara. Riziki yake ni madirisha na mageti, shilingi mia nane siku ikiwa nzuri. Kompyuta hana. Kwa miezi kumi na minne ametumia ya Mutheu bure, tangu alipomtengenezea mlango wa mbele baada ya wezi kuuvunja.

"Nilimwambia akae tu hapo asubuhi," anasema Mutheu, mzaliwa wa Kitui. "Sikujua anahamia na mji mzima."

Machi mwaka huu, mji huo nusura utupwe. Collins, kijana wa Kitale anayeongoza watengenezaji wa mod hiyo, aliujaribu, kisha akapiga simu.

"Niaje, Isaac. Mji ni moto, lakini jeshi haliingii. Askari wamekwama kwenye kona za vichochoro. Hizi njia ulipima na nini?"

Alizipima na mabega yake. Hakupata popote upana wa vichochoro vya watu wa kawaida wa Meroe, kwa hiyo alichukua vile anavyovijua, vya Soweto West, Kibera, anakoishi. Huko watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu.

"Una wiki mbili," Collins akamwambia. "Panua, ama tunatoa mod bila Meroe."

"Kupanua ni rahisi," anasema Isaac. "Lakini hiyo ingekuwa barabara ya lori. Watu wangu wangeishi wapi?"

Siku ya tisa, akirudi nyumbani, aliwakuta majirani wakipitisha kabati. Kwenye ploti yao, safu za vyumba vya mabati, bati la kona ya kila nyumba hushikiliwa na misumari miwili tu. Kitu kikubwa kikija, bati linang'olewa, kinapita, linarudishwa. Isaac alisimama akitazama, kichwa kikimrudisha mwaka 2021, siku jeneza la babake lilipotolewa kwa kung'oa kona nne.

"Hakuna aliyeombwa," anakumbuka. "Mama Lavender, jirani wa nyumba ya kona, alikuwa anapika chapati. Alitoa bati lake na unga mikononi, akasema, 'Pitisheni mzee.' Nitamshukuru mpaka nife."

Basi akazikata kona za nyumba za Meroe, kutoka chini hadi juu kidogo ya kichwa cha mtu. Juu zaidi, kuta zikabaki na pembe zao. Vichochoro havikupanuliwa hata hatua moja.

Siku ya kumi na tatu, Collins akajibu: "Wamepita wote. Hata wenye ngao kubwa."

Mod ilitoka Juni, Meroe ikiwemo, na kila asubuhi Isaac bado anauongezea mji huo nyumba. Kwenye orodha ya shukrani, Isaac aliomba jina la Mutheu liandikwe kwanza, kisha Mama Lavender, lake mwisho.

Sasa, kila Jumapili baada ya kanisa, anapima vichochoro vya Soweto West, safari hii kwa futi ya chuma. Anataka kuuunda mtaa wake mzima kwenye kompyuta.

"Miaka elfu mbili ijayo kuna mtu atatafuta vile tuliishi," anasema, akizima kompyuta na kuchukua vipimo vya mlango wa choo. "Asione tu vile palikuwa pamebana. Aione ile misumari miwili."