Ndengu Juu ya Majeneza

Tulipofika ghalani Mavoko asubuhi ile, pembe ya ndengu za shangazi ilikuwa imejaa magodoro.

Shangazi alinishika mkono. Ndengu za msimu mzima, alizokusanya kwa wakulima wa Ndithini, hazikuwepo, na nyuma yetu alisimama mnunuzi wake, mfanyabiashara Mwislamu wa Machakos mjini, lori lake likingoja nje.

Ghala lile nililipata kwenye simu. Unakodi nafasi unapoihitaji. Mzigo ukipungua, unalipa kidogo. Nyumbani nilikuwa nimelisifu mno.

"Hazijapotea, madam," alisema msimamizi, mwanamke mwenye kizibao cha kung'aa. "Wateja wakiwa wengi tunasongeza mizigo. Unalipia nafasi, si pembe."

Tulimfuata hadi mwisho wa ghala. Magunia yalikuwepo. Nilitambua fundo la kamba ya katani ambalo shangazi hufunga mwenyewe. Yalikuwa yamepangwa juu ya majeneza.

Majeneza mapya, yenye vishikio vya rangi ya dhahabu, kila moja ndani ya nailoni yake.

"Ngai!" shangazi alipiga kelele. "Chakula cha watu?"

"Ni matupu, madam. Mbao tu, kama kabati."

"Basi kaweke kabati lako jikoni kwako!"

"Subhanallah," mnunuzi alinong'ona.

Huku kwetu mnunuzi wa ndengu hataji bei kabla hajatafuna punje. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Mnunuzi alichoma gunia kwa bambo, kichuma chenye mfereji, punje zikamiminika kiganjani. Akazitazama. Akayatazama majeneza. Mkono ukabaki palepale.

Shangazi alichota punje kutoka kiganja cha yule bwana, akazitia mdomoni. Ka! Sote tulisikia.

"Hizi napika kwangu leo," alisema. "Wewe unaogopa mbao?"

Mnunuzi alimkazia macho. "Mama, wewe ni mgumu." Akafumba macho, akatafuna moja. "Zimekauka. Pakieni."

Wapakiaji walipokuwa kazini nilimkuta shangazi nyuma ya lori akisukutua mdomo kwa maji ya chupa, tena na tena, uso umemparara.

"Nyumbani usiseme kitu," aliniambia.

Kisha akaita wapakiaji wamshushie gunia moja.

"La nini, shangazi?"

"Si nimesema napika?"